Mume wangu anajua kila ninachoongea na kila ninapoenda, simu yangu imewekwa nini?

Mchumia_Juani

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kwa mwenye uelewa wa simu, hapa nilipofika akili imegota kabisa. Nipo Dar, nimeolewa, nina watoto wawili, nafanya kazi saluni. Mume wangu kabadilika, mwanzo yalikuwa maneno tu na kunikagua simu, nani huyu, nani yule, saivi tumefika kwenye kipigo na juzi kati alinikaba shingo mbele ya watoto. Sitaki kuingia sana huko, kilichonileta hapa ni simu.

Nilimtumia dada yangu voisi kwa WhatsApp nikamwambia nataka nije na watoto nikae kwake Kigamboni hata mwezi nipumue. Jioni mume karudi, kala vizuri tu, ananiambia taratibu "pantoni siku hizi foleni kubwa, sijui mtu mwenye mabegi anavukaje". Nilihisi miguu haipo. Dada yangu hawezi kumwambia, wale hata salamu hawapeani. Siku nyingine nilipita Temeke kuchukua dawa ya mtoto, sikumuaga mtu, akanipigia nikiwa bado nipo dirishani kwenye foleni, "Temeke umefuata nini?"

Simu ni Samsung ndogo, alininunulia yeye, jimeili aliifungua yeye siku hiyohiyo, na laini ilisajiliwa kwa jina lake maana wakati ule mimi sikuwa na NIDA. Paswedi anaijua, nikibadilisha ni vita. Chaji inaisha haraka na bando linakatika sielewi linaenda wapi.

Nitajuaje kama kuna kitu kimewekwa, na nikikikuta nakitoaje? Nimepanga leo usiku akishalala niiflashi yote nianze upya. Na kuna mtu kaniambia zipo namba za kubonyeza zinaondoa kila kitu, ni kweli?

BiMkubwa_Tanga

Mwanangu pole sana. Kabla hujaenda popote nijibu kitu kimoja, hapa unaandika kwa simu gani? Kama ni hiyohiyo unayoisema acha sasa hivi, usijibu, tafuta simu ya mtu mwingine ndo urudi.

Na nakuomba usiflashi chochote leo usiku. Nitakueleza kwanini, lakini kwanza nijue upo salama kuongea.

Mchumia_Juani

Asante mama. Naandika kwa simu ya mwenzangu wa hapa saluni, yangu nimeiacha inachaji chumba cha nyuma.

BiMkubwa_Tanga

Vizuri sana, endelea hivyohivyo.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi mpaka nastaafu, na nitakwambia nilichokiona. Mtu anayekuchunguza namna hii anachotaka ni kujua kwamba bado umo mkononi mwake. Siku akifungua anakoangalia akakuta kimya, picha hakuna, meseji hakuna, ramani haisogei, anajua papo hapo kwamba umeshtuka na unajiandaa kuondoka. Na wakati wa kuondoka ndo wakati wa hatari kuliko yote, wanawake wengi wanaoumizwa vibaya wanaumizwa pale wanapotaka kuondoka au muda mfupi baada ya kuondoka. Kwahiyo simu ikiflashiwa leo usiku na wewe bado upo chumba kimoja naye, kesho asubuhi unamjibu nini? Simu hiyo iache iishi maisha yake ya kawaida. Piga stori za kawaida, mtumie shemeji zako salamu, uliza bei ya vitunguu. Mipango yote ihamie kwenye simu ambayo yeye haijui kabisa.

La pili ni hilo la kukabwa, umelipitia haraka mwanangu ila mimi siwezi kulipita. Mume aliyefika kukaba shingo amevuka mstari, katika dalili zote tunazoziangalia hiyo ni mojawapo ya zile zinazotuambia huyu anaweza kuua. Na shingo inaweza kuumia ndani bila alama yoyote nje, kwahiyo kama sauti imekauka, kumeza kunauma, kichwa kinauma au ulipoteza fahamu hata kidogo, nenda hospitali uwaambie wazi "nilikabwa", usiseme ulianguka.

FundiSimu_Kkoo

Dada pole. Mimi ni fundi Kariakoo na kesi za hivi naletewa, tena wanaume wengine wanakuja na simu ya mke mkononi wananiambia "niwekee kitu nimuone", nawarudisha.

Nianze na hizo namba. *#21# inakuonyesha kama simu zinazoingia kwenye laini yako zinaelekezwa kwenye namba nyingine, na ##002# inafuta huko kuelekeza kote. Basi. Haitoi programu, haitoi WhatsApp iliyounganishwa pengine, haizimi lokesheni, watu wanazisambaza kwenye magrupu kama dawa ya kila ugonjwa na mtu akishabonyeza anajiona yupo salama wakati bado anaonekana yote.

Sasa kwa unavyoeleza mimi kichwani kwangu vinakuja vitu vitatu, na wala kile cha kwanza sio hizo programu za kijasusi ambazo kila mtu anaziogopa. Mara nyingi ni kitu chepesi sana ambacho hakihitaji fundi.

Cha kwanza WhatsApp. Ukifungua WhatsApp yako ukabonyeza vile vidoti vitatu juu kuna sehemu inaitwa Linked devices, kama simu yako ni ya Kiswahili imeandikwa vifaa vilivyounganishwa. Humo unaona kila kompyuta au simu iliyoskani ile kodi yako ya miraba (QR), inaandika jina la kifaa na lini mara ya mwisho kilikuwa hewani. Ukikuta imeandikwa Windows au Chrome na wewe hujawahi kukaa kwenye kompyuta, ndo huyo. Akishaunganisha mara moja voisi zote anazisikia, picha anaziona, hata wewe simu yako ukiizima yeye anaendelea kusoma zinazoingia, kinachomtoa ni wewe kumtoa au simu yako yenyewe yenye hiyo WhatsApp kukaa bila kutumika siku 14. Kuiunganisha inachukua muda wa mtu kwenda kuoga na kurudi. Ile voisi ya Kigamboni mimi naamini imepitia hapa.

Cha pili hiyo jimeili aliyokufungulia yeye, na Temeke nadhani ndo ilipotokea. Mwenye paswedi ya akaunti ya Google iliyopo kwenye simu anaweza kukaa kazini kwake akafungua kwenye kompyuta ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea akaona ulipo kwenye ramani, na halali kabisa, Google wenyewe wameiweka kwa ajili ya simu zilizoibiwa. Pia kwenye Google Maps, bonyeza picha ya akaunti yako juu kulia, kuna kushiriki mahali, Location sharing, angalia kama kuna jina linakuona muda wote. Na picha zako kama zinajihifadhi kule Google Photos basi na yeye anaziona. Ukitaka kujua akaunti ipo wazi kwenye vifaa gani ingia setingi, Google, simamia akaunti, usalama, alafu vifaa vyako. ANGALIA TU. Usibadilishe paswedi, maana taarifa ya mabadiliko inatumwa kwenye namba na imeili ya kurejesha akaunti, na kwa unavyosema bila shaka hiyo namba ni yake.

Cha tatu ndo programu yenyewe ya kupeleleza. Hii inataka mtu ashike simu yako ikiwa imefunguliwa kwa dakika kadhaa, anaipakua nje ya Play Store, na inajificha, ikoni huioni au inajiita jina la uongo kama System Service au kitu cha waifai ili ukiiona usiguse. Pa kuangalia ni Play Store, bonyeza picha yako, Play Protect. Kama imezimwa na wewe hujaizima, hiyo ni dalili kubwa maana ili aiweke anaanza kwa kuizima. Alafu setingi sehemu ya Accessibility, angalia programu zilizowashwa humo, na sehemu ya Device admin apps, na ile ya programu zinazoruhusiwa kusoma notifikesheni. Programu nyingi za kupeleleza zinahitaji ruhusa mojawapo ya hizo ili zifanye kazi, ikoni inaweza kujificha ila ruhusa mara nyingi zinaonekana. Chaji kuisha na bando kukatika peke yake sio ushahidi, betri ikichoka inaisha tu na video za TikTok zinamaliza bando la mtu yeyote.

Ukikuta chochote usikitoe. Chukua simu ya mwenzako piga picha ya kioo cha simu yako, picha ionyeshe jina la kifaa na tarehe, hiyo picha ikae kwa mwenzako. Usipige skrinishoti kwenye simu yako, itaenda kwenye Google Photos ataiona.

Na la mwisho sio kila fundi umpelekee. Fundi wa mtaani kwako anaweza kuwa anakunywa kahawa na mumeo kila jioni.

Msema_Kweli_77

Mwanamke asiye na siri haogopi simu yake kukaguliwa. Mume kununua simu na kuisimamia ni haki yake, badala ya kufundishana ujanja wa kuvunja ndoa mwambieni akae na mumewe wayamalize ndani.

BiMkubwa_Tanga

Baba umesoma pale penye shingo au umesoma kichwa cha habari tu?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na ni sheria ya zamani hiyo, imetungwa wakati wengine humu hamjazaliwa. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake binafsi, na haikuandika "isipokuwa mwanamke aliyeolewa". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inafanya kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu au kunasa mawasiliano yake bila ruhusa. Kuyamaliza ndani ndo huko ndani anakokabwa. Sitajibizana zaidi, huu uzi ni wa huyu binti.

Nimepita_Huko

Mdogo wangu nakupa yale ambayo fundi hawezi kuyajua mpaka ayaishi.

Kidole. Mimi niliweka paswedi ngumu nikajiona mjanja, kumbe usiku nikilala ananichukua kidole taratibu anakibandika kwenye simu inafunguka, anasoma mpaka anashiba anairudisha chini ya mto. Nilijua siku nilipoamka mkono umeshikwa. Kwahiyo kwenye hiyo simu mpya utakayotafuta usiweke kidole wala sura, weka namba, na namba isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto.

Simu mpya yenyewe isikae nyumbani, hata ukiificha kwenye unga. Iache kazini au kwa mtu. Mimi nilianza na kitochi cha kawaida cha kubonyeza, hakina intaneti, hakina jimeili, hakuna cha kupeleleza humo zaidi ya meseji na namba zilizopigwa, nazo nilikuwa nafuta kila nikimaliza.

Sasa hii ya laini ndo naomba uisome mara mbili. Laini yako ipo kwa NIDA ya mumeo, maana yake kwenye kompyuta za kampuni ya simu hiyo laini ni YAKE. Siku ukiondoka anaenda dukani na kidole chake anasema laini imepotea, anapewa nyingine, namba yako inazima mkononi mwako inawaka kwake. Hapo anapokea kodi za WhatsApp yako, zile namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji, anapokea kodi za kila kitu, na pesa zako za kwenye simu zinakuwa mikononi kwake, hata PIN kama haijui anaibadilisha kwa kuwa mwenye laini ni yeye. Mimi yalinikuta, kampuni siitaji, akiba yangu yote ya mchezo ilikuwa humo na nilipoenda kulalamika naambiwa "mama laini hii siyo ya kwako". Kibaya zaidi walikuwa wanasema kweli.

Kwahiyo bonyeza *106# uhakikishe imesajiliwa kwa nani. Kama sasa una namba ya NIDA kasajili laini mpya kwa kidole chako wewe mwenyewe, fungua huduma ya pesa humo, na pesa zako hamisha kidogokidogo, usihamishe zote siku moja maana salio akiliona limekauka ataanza kuuliza. Na kumbuka ukituma kutoka laini ya zamani kwenda mpya jina lako linabaki kwenye meseji ya muamala na kwenye taarifa ya laini ambayo mwenye nayo ni yeye. Bora utoe kesho kwa wakala mmoja, siku nyingine umpe mwenzako akuwekee kwenye mpya. Hata meseji ya kutoa pesa inataja jina la wakala, ukitolea Kigamboni umeshajitangaza, tolea hapohapo mnapotolea siku zote.

Ile laini mpya usiichomeke kwenye hiyo Samsung hata dakika moja. Programu nyingine za kupeleleza zinatuma taarifa kwamba laini mpya imeingia na namba yake.

Wangari_Nakuru

Pole sana dada. Mimi niko Kenya, nimeingia tu kusoma lakini siwezi nyamaza. Kwa wasomaji wa huku, laini ya kuripoti dhuluma za kijinsia ni 1195, haulipi, na tuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, mahakama inaweza kukupa amri ya kumzuia asikukaribie na asikufuatilie. Kufuatiliafuatilia mtu imetajwa ndani ya hiyo sheria kama dhuluma, si lazima akupige ndio uende. FIDA wanasaidia wanawake na mambo ya korti. Kitu ningeongeza, ukipiga laini yoyote ya msaada namba inabaki kwa simu zilizopigwa, na kufuta haitoshi kama laini ni ya jina lake, kwa hivyo piga na simu ya mwingine.

Na nauliza kwa fundi, mimi dada yangu ana iPhone na ni shida kama hii, huko anaangalia wapi?

FundiSimu_Kkoo

Wangari, iPhone kuanzia iOS 16 ina sehemu imetengenezwa kwa ajili ya watu wa hali hii hasa. Aingie Settings, Privacy & Security, ashuke chini mpaka Safety Check. Inamwonyesha nani anaona lokesheni yake, programu zipi zina ruhusa gani, na vifaa gani vimeingia kwenye Apple ID yake. Kuna kitufe cha dharura kinachokata vyote kwa mpigo, ila hapo onyo ni lilelile la BiMkubwa, akikata huyo mtu anaona amekatwa, kwahiyo atumie ile ya kuangalia kimoja kimoja kwanza. WhatsApp ni sawasawa na ya huku. Na aangalie kama simu imewahi kumpa taarifa kwamba kuna AirTag, kile kidude kidogo cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea, ya mtu mwingine inatembea naye, wengine wanaitumbukiza kwenye mkoba au chini ya siti ya gari. Simu za Android pia siku hizi zinatoa hiyo taarifa, isiwe mtu anaifuta bila kuisoma.

Nimekumbuka na gari. Kama mnatumia gari au pikipiki, jipiesi za kufungwa kwenye chombo ni kitu cha kawaida kabisa hapa mjini, watu wanafunga bodaboda zao zisiibwe. Kwahiyo unaweza kuacha simu ukadhani umepotea kumbe gari ndo linakusema. Siku ya kuondoka panda daladala au bajaji, bajaji ya kusimamisha barabarani, usiite kwa programu kwenye hiyo simu.

BiMkubwa_Tanga

Nimalizie upande wa kwenda kushtaki maana simu peke yake haitakutoa.

Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ukifika usieleze pale kaunta mbele za watu, sema unataka dawati. Hapo ndo unapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ukiwa upande wa Ilala, Amana wana kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo sehemu moja, huzungushwi. Kwa wenzetu wa Unguja kipo Mnazi Mmoja. Msaada wa sheria bure uliza TAWLA au WLAC, wapo Dar na kesi za ndoa na watoto ndo kazi zao za kila siku. Kwa watoto ipo 116, haina gharama. Hatari ikiwa ipo mlangoni ni 112.

Siku ya kwenda dawati simu yako iache saluni inachaji kama ulivyofanya leo. Ramani itasema upo kazini, na kazini ndipo unapotakiwa kuwa. Kuizima sikushauri, simu iliyozimwa mchana inauliza maswali.

Vitisho usifute. Najua mtu anafuta kwa sababu hataki kuviona tena, na ni haki yako kutotaka kuviona, ila kila meseji na kila voisi ya "nitakuua" ni ushahidi, mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Mpe mwenzako azipige picha na simu yake, namba ionekane, tarehe na saa vionekane, voisi icheze huku simu nyingine inarekodi. Simu yenyewe pia itunze, wakili wa upande wa pili atauliza picha imetoka wapi. Kama kuna majeraha yapigwe picha na simu ya mwenzako, moja ya karibu na moja inayoonyesha uso wako ijulikane ni wewe.

Na mwenzako huyo muwekeane neno. Neno la kawaida la saluni, kwa mfano ukimwandikia "rasta za brauni zimeisha" yeye ajue apige polisi saa hiyohiyo na aje na watu. Hata mume akisoma hakuna anachokiona.

Mchumia_Juani

Jamani sijui niwashukuruje, nimesoma kila kitu huku natetemeka. Nimeangalia WhatsApp kama fundi alivyosema. Ipo. Imeandikwa Google Chrome, Windows, na kwamba ilikuwa hewani leo asubuhi. Mimi kompyuta sijawahi kuishika, na yeye ofisini kwao anakaa kwenye kompyuta. Sijagusa, mwenzangu kapiga picha. Kwenye ramani hakuna jina, Play Protect imewashwa, kule Accessibility hakuna kitu. *106# laini imesoma jina lake kama nilivyojua.

NIDA ninayo tangu mwaka juzi, kesho mchana naenda kusajili laini na mwenzangu, kitochi anacho cha mama yake hakitumiki. Dada yangu nimeongea naye kwa simu hii, voisi ile tumekubaliana nitamtumia nyingine kwamba nimeghairi, tumesameheana, nitakuja sikukuu.

Nina maswali mawili. Nikishaondoka WhatsApp yangu nifanyeje maana wateja wote wapo humo. Na mtoto mkubwa ana tableti ya michezo, baba yake ndo aliyeiweka, nisiichukue?

Nimepita_Huko

Umefanya vizuri sana mdogo wangu. Hiyo voisi ya kughairi iwe fupi na ya kawaida, usiipambe, anakujua unavyoongea. Na dada yako akujibu hapohapo kwa WhatsApp kama vile kasikitika.

Wateja anza leo kuandika namba zao kwenye daftari la saluni, zile muhimu tu, wale wa kusuka kila mwezi. Usizitume kwa meseji.

FundiSimu_Kkoo

Safi sana, umeweza kuangalia bila kugusa.

WhatsApp namba ya zamani iache ife. Najua wateja, lakini ile laini ni yake na ataichukua, ukiendelea nayo unajenga kwenye kiwanja cha mtu. Anza mpya kwa namba mpya iliyo kwenye NIDA yako, kwa simu nyingine, jimeili mpya kabisa uifungue kwenye hiyo simu nyingine na namba ya kurejesha iwe hiyo mpya. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ipo setingi, akaunti, unaweka PIN ya namba sita, hapo hata mtu akipata kodi ya meseji haingii bila hiyo PIN. Picha ya wasifu na ile ya mwisho kuonekana weka watu unaowajua tu. Wateja wape namba mpya mmoja mmoja ukishatulia, usiweke stetasi, na yule mteja ambaye ni shoga wa wifi yako msahau kwa sasa. Magrupu ya ukoo, ya vikoba, ya wazazi wa shule usijiunge na namba mpya, namba inaonekana na wote humo na mmoja ataipeleka hukohuko. Siku ukishakuwa sehemu salama ile Samsung ndo uizime na utoe laini, na kama kuna kesi usiiflashi, wape dawati waione kwanza.

Tableti isiende. Kama aliiweka yeye ina akaunti yake au ya mtoto aliyoiunganisha na yake, na zile akaunti za watoto za Google zinamwonyesha mzazi kifaa kilipo kwa makusudi kabisa. Haina hata haja ya laini, ikishika waifai ya kwa dada yako tu imeshasema ipo wapi. Iache mezani ikiwa imewashwa na chaji imejaa, na angalia begi la shule la mtoto pamoja na saa kama anavaa zile saa za watoto zenye laini ndani, nazo zinafanya kazi hiyohiyo.